Kunyoosha, kuvuta au kunyumbua? Jicho la wavu wa Takawiri na ulegevu wa istilahi zetu

Kitenzi kimoja cha Kiingereza, ‘stretch’, kimenisumbua zaidi ya istilahi nyingi ndefu za kisayansi. Mpe mfasiri wa Kiswahili, naye atakurudishia kimojawapo kati ya vitenzi vitatu: kunyoosha, kuvuta au kunyumbua. Mara nyingi hachagui kwa hoja; huchagua kinachomjia kwanza ulimini. Katika makala haya ninashikilia kwamba vitenzi hivi si visawe hata kidogo, kwamba hapa Kiswahili kina umakinifu ambao Kiingereza hakina, na kwamba waundaji wetu wa istilahi wameupoteza umakinifu huo kwa kuvirundika pamoja kama maembe ya fungu moja sokoni. Wala si ubishi wa darasani tu. Kuna mahali ambapo tofauti kati ya kunyoosha na kunyumbua ndiyo tofauti kati ya mtu kurudi nyumbani na wavu wake na kuutazama ukichukuliwa.

Mahali penyewe ni Takawiri, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, kati ya Mbita na Mfangano. Wageni hukijua kwa mchanga wake mweupe. Wenyeji hukijua kwa mbuta, ngege na omena. Hili ni eneo la Abasuba, ambao wengi wao leo huzungumza Kijaluo, na Kiswahili huingia kupitia wafanyabiashara, maafisa wa serikali na wavuvi wa kutoka upande wa Tanzania. Kwa hivyo kanuni ya uvuvi iliyoandikwa kwa Kiingereza hufika ufuoni ikiwa imepita katika midomo ya angalau lugha mbili. Kila mdomo huacha alama yake.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuitamka. Wavu wa kutega katika Ziwa Victoria upande wa Kenya hauruhusiwi kuwa na macho ya chini ya inchi 5. Sababu inaeleweka: samaki mchanga apenye, akue, azae. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile ambazo wenzetu wa Mwanza huziita timba, zimepigwa marufuku kabisa. Lakini jicho la wavu si tundu la ukutani. Lina pembe nne na kila pembe ina fundo, na likiachwa hulala ovyo bila umbo. Ndiyo maana kipimo chake huchukuliwa likiwa ‘stretched’: unashika mafundo mawili yanayotazamana, unayatenganisha hadi nyuzi za pande mbili zikutane, kisha unapima kutoka fundo hadi fundo.

Unayatenganisha kwa kufanya nini hasa? Hapo ndipo penye utata.

Niliwahi kusimama karibu na mzee mmoja na kijana aliyekuwa na rula, katikati yao wavu wa nailoni uliokuwa bado unachuruza maji. Kijana alishika mafundo, akayatenganisha polepole, akasoma. “Jaduong’, nimenyoosha. Ni nne na robo tatu.” Mzee akatikisa kichwa. “Hujavuta, wuoda. Vuta!” Akauchukua yeye, akaingiza vidole gumba viwili katika jicho lile lile, akavuta mpaka kucha zikabadilika rangi. Rula ikasoma tano kamili. Watu wakacheka, maanake kila mmoja alikuwa ameonyesha ushahidi wake hadharani na hakuna aliyedanganya. Kijana alinyoosha. Mzee alinyumbua. Na neno lililotumiwa na wote waliosimama pale kutaja kanuni, kuvuta, lilikuwa pana kiasi cha kuwapa ushindi wote wawili.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka inchi 4 na robo tatu hadi 5 ni nyongeza ya robo inchi, yaani kama asilimia 5 ya urefu wa mwanzo. Nailoni hurefuka kwa zaidi ya asilimia 15 kabla haijakatika. Asilimia 5, basi, ni kazi ya vidole vya mvuvi yeyote mwenye shibe.

Hebu sasa tuvichunguze vitenzi hivi kimoja kimoja, tukianza na kunyoosha. Mtu hunyoosha mkono, mguu, shati kwa pasi, mstari, hata mwenendo wa mtoto. Kinyume chake ni kukunja au kupinda. Mkono ulionyooshwa haujawa mrefu kuliko ulivyokuwa. Umeacha tu kujikunja. Kunyoosha ni kuondoa ulegevu na kona. Kitu chenyewe, ndani yake, hakijaguswa.

Kuvuta ni kitenzi cha mtendaji. Kinatuambia kwamba kuna nguvu, au kwa istilahi ya fizikia, kani, na inakuja upande gani. Hakituambii lolote kuhusu kilichokipata kitu. Unaweza kuvuta mlango uliofungwa kwa kufuli na usisogee hata unywele. Unaweza kuvuta mkokoteni, nao ukaja mzima mzima bila kurefuka.

Kunyumbua ndicho kitenzi cha ajabu kati ya vitatu. Kinasema habari za ndani ya kitu. Lastiki ya kiunoni hunyumbuka. Mpira wa baiskeli uliokatwa vipande vya kufungia mizigo hunyumbuka. Ngozi mbichi hunyumbuka. Kitu kilichonyumbuliwa kimebadilika umbo lake bila kukatika.

Wanasemantiki wana jaribio jepesi: tunga sentensi yenye kukanusha, uone kama inajipinga. “Nilivuta kamba lakini haikunyumbuka.” Hakuna tatizo. “Niliinyoosha kamba bila kuivuta sana.” Inakubalika. “Niliinyumbua kamba lakini haikunyumbuka.” Hapana, hii imejikata mguu yenyewe. Kuvuta hakulazimishi kunyumbuka, na kunyoosha hakukulazimishi pia, lakini kunyumbua kunakulazimisha. Tofauti ya namna hii ikijitokeza katika jaribio, mwanaleksikografia hana ruhusa ya kuandika vitenzi hivyo kama visawe vinavyotenganishwa kwa mkato tu. Kijaluo nacho, nikitaja kwa kupita, kinajua kutenganisha ywayo, kuvuta, na rieyo, kunyoosha. Kwa hivyo mzee na kijana hawakukosa maneno katika lugha yoyote ya nyumbani kwao. Walikosa kanuni iliyoyatumia.

Mwanafizikia akichora grafu ya wavu ule, vitenzi vyetu vitatu vitakaa juu ya grafu hiyo kama vilivyoagizwa. Mwanzoni kuna sehemu ambapo mafundo yanatengana bila upinzani wowote: huko ni kunyoosha. Kisha uzi unakaza na vidole vinaanza kuhisi upinzani: hapo ndipo kuvuta kunapopata maana ya kani. Kuanzia hapo, kila kani inayoongezeka hurefusha uzi kidogo: huko ni kunyumbuka. Robert Hooke, Mwingereza, alichapisha kanuni hiyo mwaka 1678: ndani ya mpaka fulani, urefu unaoongezeka huenda sambamba na kani. Ongeza kani maradufu, na nyongeza ya urefu itakuwa maradufu. Kani ikiondolewa, kitu kinarudi kilivyokuwa. Ukivuka mpaka huo hakirudi tena sawasawa.

Maneno hayo ya mwisho, kinarudi kilivyokuwa, ndiyo yanayokosekana mara nyingi katika Kiswahili chetu cha sayansi. Utakutana na unyumbufu, mnyumbuko, unyumbukaji, na katika fasili nyingi za waandishi wetu utaambiwa kwamba ni uwezo wa kitu kuvutika. Ati kuvutika! Utomvu wa fenesi unavutika, bablishi inavutika. Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kuitwa kiigizo cha unyumbufu, kwa sababu havirudi. Kiini cha dhana hii hakiko katika kwenda. Kiko katika kurudi. Fasili inayotaja safari ya kwenda pekee imeandika nusu ya tikiti.

Matokeo yake humkanganya mwanafunzi mapema. Atashangaa akiambiwa kwamba kwa mizani ya mwanafizikia chuma cha pua hushinda mpira. Kwani mpira si ndio unaonyumbuka? Mpira hurefuka mara kadhaa ya urefu wake, ilhali chuma cha kawaida kikirefushwa zaidi ya sehemu moja au mbili kwa elfu huwa kimeshavuka mpaka wake. Lakini moduli ya Young, kipimo kilichopewa jina la Thomas Young, haiulizi kitu kinakwenda umbali gani. Inauliza kinapinga kwa kiasi gani kila hatua ya kwenda. Kwa chuma jibu ni takriban gigapaskali 200. Kwa nailoni kati ya 2 na 4. Kwa mbao zikivutwa kufuata nyuzi zake, karibu na 10. Kwa mpira ni chini ya 0.1. Haya ni maswali mawili yaliyobebeshwa jina moja. Ningependekeza tubakize unyumbufu kwa sifa ya kunyumbuka na kurejea, na tuseme ukakamavu kwa ule upinzani unaopimwa kwa moduli. Chuma ni kikakamavu kuliko mpira, na mpira hunyumbuka mbali kuliko chuma. Sentensi hiyo haimkanganyi mtu.

Naweza kuulizwa kama wahenga wa pwani walikuwa na haja ya kutofautisha haya. Walikuwa nayo, tena sana, kwa vile waliishi na milingoti, fito na mapau. Fito inayoinama chini ya mzigo hunepa. Ubao unaoinama ukikanyagwa na kuinuka ukiachwa hunesanesa. Kunepa ni kukubali uzito. Kunesanesa ni kukubali na kurudisha. Kiswahili hicho kimelala katika kamusi za zamani huku sisi tukihangaika kubuni vinyambuo vipya. Na kamani? Wasomaji wa umri wangu wanalijua neno hili kwa saa za kutiwa ufunguo: kamani ni ule utepe wa chuma uliojiviringa ndani yake. Asili yake ni Kiajemi, kamān, yaani upinde, nalo lilitufikia kupitia lugha za Kihindi. Upinde ndio mashine ya kale kabisa ya unyumbufu: unaukunja, unahifadhi jasho lako ndani ya mti, kisha mti unakurudishia jasho hilo mara moja kupitia mshale. Makanika wa Mbita husema springi, na simlaumu. Lakini mwandishi wa kitabu cha fizikia anayelikimbilia neno springi bila hata kulipungia kamani mkono ana deni la kujieleza.

Kuna pia lile jambo la vokali moja. Kunyumbua na kunyambua si neno moja lenye lahaja mbili. Kunyambua ni kuchana vipande vidogo vidogo, kama unavyonyambua nyama iliyoiva au mkate. Wanafunzi wa Kenya hufundishwa mnyambuliko wa vitenzi: pika, pikia, pikisha, pikiana. Baadhi ya waandishi wa Tanzania husema mnyumbuliko. Mimi huwaunga mkono wa pili, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kinaporefushwa hakichanwi. Mzizi unabaki mzima na kiishio kinasogezwa mbele, kama lastiki hasa. Lakini vita hivyo vya sarufi nimeshavipoteza mara nyingi, acha vilale. Ninachokikataa ni kuona kosa hilo likihamia fizikia. Nimewahi kusahihisha mswada mmoja wa sayansi uliosema kwamba nailoni ina mnyambuko mkubwa. Wavu wenye mnyambuko mkubwa, jamani, haufai hata kukingia kuku.

Tukija kwa jozi ya Kiingereza ya ‘stress’ na ‘strain’, hali ni mbaya zaidi. Dhana ya kwanza ni kani iliyogawanywa kwa eneo la mkato wa kitu. Mzigo mmoja ukining’inizwa kwa kamba nene na kwa uzi mwembamba, kani ni ile ile, lakini uzi unaumia zaidi kwa sababu eneo lake ni dogo. Dhana ya pili ni uwiano wa mabadiliko ya urefu na urefu wa mwanzo, ile asilimia 5 ya vidole vya mzee. Moja ni sababu, nyingine ni matokeo. Katika tafsiri zetu, neno mkazo huitwa kuja kuzihudumia zote mbili, na likichoka huletwa msongo. Mkazo tayari ana kazi katika fonolojia, ambako ni uzito wa silabi. Msongo ameajiriwa na madaktari na wahubiri katika msongo wa mawazo. Si kosa kwa neno kuwa na kazi nyingi. Kosa ni kulipa kazi mbili ndani ya fomula moja, ambapo kimoja kinagawanywa kwa kingine. Mkazo ukigawanywa kwa mkazo jibu lake huwa moja daima, na hatuhitaji maabara kulijua.

Kati ya mkazo na msongo kwa dhana ya kwanza, ninachagua mkazo. Kusonga ni kubana kutoka nje. Ndiyo maana tunasonga ugali na watu husongamana. Huwezi kusema kamba inayovutwa pande mbili inasongwa. Kukaza kunakubali pande zote: kamba hukazwa kwa kuvutwa, na skrubu hukazwa hadi ikabana. Kwa dhana ya pili, mnyumbuko unatosha kwa kitu kinachovutwa. Kwa kitu kinachobanwa tunahitaji neno jingine, na hapo ndipo sipati usingizi.

Kubanwa kuna msamiati tajiri kupita kiasi. Kugandamiza, kukandamiza, kubana, kufinya, kuminya, kushindilia, kubonyeza. Kila kimoja kinabeba habari yake. Kushindilia udongo ni kuubana usirudi tena. Kubonyeza godoro ni kulibana likirudi. Kufinya hufanywa kwa vidole, na kukandamiza siku hizi hufanywa na serikali. Istilahi rasmi ikauchukua mgandamizo na kuuweka mahali pote, pamoja na mgandamizo wa hewa katika taarifa za hali ya anga. Hapo tena sababu na matokeo yamelala kitanda kimoja: mgandamizo ni kile hewa inachofanya, au ni kile kinachoipata hewa?

Mfano wa kubanwa hauhitaji kutafutwa mbali na wavu wetu. Uko umelala kando yake mchangani. Mashua za mbao za ziwani huundwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari, na nyufa kati ya mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba au vitambaa vinavyosukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Chombo kikiingia majini, mbao hunywa maji na kuvimba, na huvimba kwa upana wake zaidi kuliko urefu. Zikivimba, zinasukumana na kuibana pamba katikati. Pamba inakubali kubonyea lakini inasukuma pia, na ubishi huo kati ya mbao na pamba ndio unaozuia maji. Chombo kikiachwa juani wiki kadhaa, mbao hunywea, nyufa hufunguka, na pamba iliyobanwa kupita mpaka wake haina tena nguvu ya kufuata mbao zinaporudi nyuma. Inabaki imeshindiliwa. Siku ya kurudi majini chombo kinavuja, na fundi wa kalafati anaitwa. Anachong’oa ni pamba iliyosahau kurudi.

Kwa hivyo kwa kitu kilichobanwa na kupungua urefu ningesema mbonyeo, kutokana na kubonyea, na kwa kile kisichorudi tena, kiwe kilivutwa au kilibanwa, kuna kitenzi ambacho wafinyanzi wametuwekea tangu zamani: kufinyangika. Udongo wa mfinyanzi haurudi. Ukiusukuma unakaa pale ulipouacha, na hilo ndilo linalouwezesha kuwa chungu. Neno la Kiingereza kwa tabia hii linatokana na Kigiriki chenye maana iyo hiyo ya kufinyanga, na ndiko lilikotoka pia jina la plastiki. Sisi tulilikopa jina la bidhaa tukaacha maana yake bandarini. Wavu wa zamani ambao macho yake yamekuwa mapana kwa miaka ya kuvuta mbuta wazito umefinyangika, na utapita ukaguzi ambao ungeshindwa siku uliponunuliwa. Sijui kama wenye kanuni walikusudia hilo.

Neno moja la kukatisha kuhusu ugumu, kwa sababu limekuwa kapu la kila kitu. Jiwe gumu, mtihani mgumu, mkate mgumu, mtu mgumu ambaye hatoi hata shilingi. Kioo ni kigumu kwa maana ya kutochubuka, lakini kikianguka ndio mwisho wake. Nailoni si ngumu kwa maana hiyo, na bado humshika mbuta kwa sababu inajua kukubali mshtuko na kurudi. Kamba inayouzwa madukani mwetu kwa jina la manila, ambayo ni plastiki na haina undugu wowote na ule mgomba wa Ufilipino ulioipa jina, nayo ina tabia zake. Mvuvi ana sababu ya kila uzi anaochagua. Ukimuuliza kwa nini, asikujibu “ni ngumu” pekee. Na akikujibu hivyo, basi sisi wa lugha ndio hatujampa maneno ya kutosha ya kujibu.

Turudi kwenye jicho la wavu. Wenzetu wa Ulaya waliliona tatizo hili la vidole zamani, wakaacha kutegemea vidole. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008, mkaguzi hutumia kifaa chenye taya mbili kinachoingizwa katika jicho na kulisukuma kwa kani iliyowekwa: kwa nyavu za kukokotwa zenye macho ya milimita 55 au zaidi, kani hiyo ni newtoni 125. Mvuvi mwenye misuli na mkaguzi mwenye homa hupata jibu lile lile. Kinachonivutia mimi si mashine. Ni kwamba kanuni imelazimika kutaja kani, kwa sababu bila kani neno ‘stretched’ ni tupu.

Wavu wa kutega wa Takawiri si wavu wa kukokotwa, na uzi wake ni mwembamba zaidi, kwa hivyo newtoni 125 si za kuigwa. Wala hatuhitaji kusubiri kifaa kutoka ng’ambo. Uzito wa kilo 1 ukining’inizwa huvuta kwa kani ya karibu newtoni 10. Pakiti ya sukari ya kilo 1 iko katika kila kibanda cha ufuoni. Fundo la juu la jicho litundikwe kwenye msumari, pakiti itundikwe kwenye fundo la chini, rula isomwe. Kama kilo 1 ni nyingi au ni kidogo, hilo waamue wataalamu wa uvuvi. Muhimu ni kwamba iwe moja kwa wote.

Na maneno ya kanuni, yakiandikwa kwa Kiswahili, yasiseme jicho “lililovutwa”, kwa sababu kuvuta hakuna mwisho. Ningeandika hivi: jicho lipimwe kutoka fundo hadi fundo likiwa limenyooshwa kwa uzito uliowekwa, wala lisinyumbuliwe kwa mkono. Vitenzi viwili vimefanya kazi ambayo kimoja cha Kiingereza hakiiwezi: cha kwanza kinaondoa ulegevu, cha pili kinazuia udanganyifu, na uzito unasimama katikati yao kama shahidi. Msomaji makini atanikamata kwamba hata uzito mdogo hunyumbua kidogo, na ni kweli. Ndiyo sababu nimesema kwa mkono.

Kanuni hiyo iongeze pia kama wavu ni mkavu au umelowa. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hupoteza sehemu ya ukakamavu wake, hivi kwamba kani ile ile huirefusha zaidi. Wavu aliokuwa nao mzee ulikuwa bado unachuruza. Ungekaushwa juani kwanza, vidole vyake vingelazimika kuhangaika zaidi kabla ya kuifikia ile tano.